Barua Yenye Bukari Ndani Yake

Harufu ya makaa yenye unyevu yakikataa kushika moto, ikichanganyika na moshi mkali wa kiwanda cha shaba, hunirudisha Élisabethville, katika kambi ya wafanyakazi wa reli, msimu ule wa mvua nilipokuwa na miaka kumi. Nilipenda kuandika kuliko kula, na kwa kula sikuwa mchezo. Lakini mwalimu alisoma insha yangu mbele ya darasa zima, kisha akanirudishia na kusema, "Wewe unaandika kama unavyosema. Hiyo si kuandika." Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Niliona aibu kali, nikaapa kwamba mimi na kalamu basi.

Mama Kristina, jirani yetu, hakukijua kiapo changu. Mama yake mzazi aliishi Lukafu, na lori la kwenda huko lilikuwa linaondoka kesho yake, naye akaniomba nimwandikie barua. Mwana wa mtu hamkatalii mama jirani, basi nikaketi na karatasi kando ya jiko lake. "Andika yote mi nasema," aliniagiza. "Usiache kintu." Kwa kuogopa kukosea tena, niliandika kila neno lililomtoka. Alisema mtoto ameota meno, akakohoa, akamfukuza kuku, kisha akaruka: "Ngoja, bukari inaungua!" Bukari ndio ugali wetu. Nayo nikaiandika, na kikohozi, na kuku.

Lori lilipokwisha kuondoka ndipo nilipomsimulia mama yangu, naye akashika kichwa. Nani hutia kuku ndani ya barua? Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa wiki mbili nilipita nyuma ya nyumba ili nisionane na Mama Kristina, nikiamini kwamba mwalimu alikuwa amesema kweli.

Kisha jibu likaja, limeandikwa na katekista wa Lukafu, na Mama Kristina akaniita nimsomee. Nililifungua, nikasoma: "Mwana wangu, nilisikia barua yako. Balinisomea mara tatu. Kile kikohozi, kunywa maji ya moto. Ule kuku umuache, atataga. Na bukari, iliungua?"

Mama Kristina alicheka huku akijifuta machozi kwa kitenge. "Mama alinisikia," alisema taratibu. "Miaka ine hajanisikia. Leta karatasi, tumujibu." Furaha niliyoipata pale sijapata kuisahau. Tulijaza kurasa mbili, na swali la bukari tukalisahau kabisa.

Leo mji unaitwa Lubumbashi, na wajukuu wangu hutumiana sauti zenyewe kwa simu, kikohozi na yote, bila kumsumbua mtu. Mimi nimezeeka nikiandika vitabu, na bado kuna asubuhi ninapolisikia lile darasa likicheka, nikataka kuufunga ukurasa. Hapo humkumbuka bibi yule wa Lukafu, ambaye sikupata kumwona, akingoja jibu langu. Basi, bibi: iliungua kidogo kwa chini, na tuliila yote.