Siku Tuliyowahi Kazi Tukamtoe Mwali

Siku hizi kiwandani kwetu kuna motisha, eti. Kila mwisho wa mwezi meneja hubandika ukutani picha ya mfanyakazi bora, tunapiga makofi, aliyeshinda anapewa fulana. Yangu nimeifanya ya kulalia. Sisemi ni mbaya, ila haijawahi kunitoa Magomeni yetu ya huku pwani ya kusini alfajiri nikiwa na hamu ya kubangua korosho.

Aliyejua kutuamsha ni msimamizi wetu wa zamani, mama wa Kinyakyusa, mkali asiyetaka mchezo. Alipohamia huku hakujua hata ming'oko, mizizi yetu ya porini, inaliwaje. Aliitafuna na maganda yake, tukamcheka mpaka machozi. "Chekeni," alisema, "lakini mezani kwangu nataka korosho nzima, sio vipande." Ndivyo alivyokuwa.

Mwaka ule binti yangu alikuwa ndani, unyagoni, kwa bibi yake Nanyamba. Siku ya kumtoa ikaangukia Jumamosi ambayo mzigo wa korosho ulitakiwa uwe umefungwa tayari kusafirishwa. Kwetu, mama asipokuwepo mwali anapotolewa, maneno hayaishi. Mtoto atasimangwa mpaka azeeke. Nilimwendea msimamizi kuomba ruhusa. Aliwaita wenzangu wote, akawauliza, "Huyu aende peke yake, au tuje alfajiri, tumalize, twende wote?"

Nani alale tena? Tulifika giza bado lipo, tukabangua kwa nyimbo za unyago zenyewe, nyingine haziandikiki. Kufika adhuhuri mzigo umefungwa. Tukapanda lori la kiwanda, yeye mbele na dereva, kajifunga kanga ya sare kama sisi. Jamani, yule mama alicheza vibaya, kiuno kigumu kama mchi. Lakini alimtunza mwanangu mbele ya ukoo mzima, na mawifi zangu waliokuwa wakinidharau wakaanza kunipisha mkekani.

Jumatatu tulimkuta mlinzi ndiyo kwanza anafungua geti, sote tumeshafika. Hakuna aliyetuita.

Habari za lori zikamfikia mwenye kiwanda, Dar es Salaam. Mzigo ulikuwa umekwenda salama, hilo hakulitaja. Alitaka kujua nani kapeleka lori lake ngomani. Msimamizi wetu akaachishwa kazi. Tulimfuata nyumbani kwake Rahaleo, tukamkuta anafunga vyombo. Nililia, nikamwambia mimi ndiye niliyemponza.

"Hebu nyamaza, mama," alisema. "Kazi nitapata nyingine. Mwali anatolewa mara moja."

Nyingine hakuipata. Yuko kwao anauza maandazi, na mimi namkumbuka kuliko ninavyoweza kusema. Kila nikimpigia simu, hata salamu hazijaisha, ananiuliza mwanangu hajambo. Ya kiwanda hajawahi kuniuliza.