Sikuacha Krimu Yangu ya Urea

Nilizaliwa na ngozi kavu inayotoa magamba, miguuni na mikononi. Kijijini kwetu Mwamkulu watoto waliniita kenge, na wazazi wao hawakuwakanya. Miaka ya tisini, nikiwa tayari msichana mkubwa, mfamasia wa hospitali moja mjini Mpanda alianza kunitengenezea krimu ya urea. Majirani waliposikia jina hilo walicheka, wakasema najipaka mbolea ya mahindi. Niliwajibu kwamba urea ya dawa ni safi, haichotwi kwenye gunia la shambani. Na hata ingekuwa mbolea, miguu ni yangu.

Ililainisha kweli. Shida ilikuwa joto la Oktoba. Kabla kopo halijafika nusu, krimu ilianza kunuka mkojo. Mwalimu wa kwaya niliyoimbia kanisani akaniita pembeni, akaniomba nipumzike kuimba mpaka harufu iishe. Nikamwambia nitarudi, tena mstari wa mbele.

Kesho yake nilikwenda kwa mfamasia. Akanishauri niachane nayo, nipake mafuta ya mgando kama watu wengine. Nikakaa kwenye benchi lake.

"Mafuta ya mgando nimepaka tangu utoto," nikasema. "Siondoki mpaka tujue hii inaharibikia wapi."

Alininunia, kisha akawasha jiko. Akanieleza kuwa urea ikikaa kwenye maji na joto huvunjika polepole na kutoa amonia, ndiyo ile harufu. Yeye alikuwa akiitia wakati mchanganyiko wa mafuta na maji ungali wa moto. Safari hii tulisubiri upoe mpaka chombo kikashikika vizuri, ndipo akaitia. Akaongeza kidogo asidi ya laktiki, ile ya maziwa yaliyochacha, pamoja na chumvi itokanayo na asidi hiyo, ili ukali wa krimu usibadilike upesi, akapima kwa karatasi inayogeuka rangi. Akanipa kopo dogo tu. Nyumbani mama alilifunika vizuri, akaliweka kwenye mchanga mbichi kando ya mtungi.

Kila asubuhi nililifungua nikanusa. Wiki zikapita, halikunuka.

Basi Jumapili moja nikasimama mstari wa mbele. Mwalimu wa kwaya akanikaribia, akaninong'oneza, "Dada, sogea nyuma kidogo. Kuna wageni, wataona hiyo ngozi."

Kumbe harufu ilikuwa kisingizio tu.

"Waione," nikamwambia. "Mimi nimekuja kuimba."

Alinitazama, waimbaji wote wakimsubiri. Mwishowe akainua mikono, tukaanza.