Lorne Pidhirny, Mtangazaji wa Viti Vitupu

Watu wa Tarrow, mji mdogo wa Kanada, wakikuambia kwamba timu yao ya hoki ya barafuni iliuawa na dola ya Marekani, wasikilize kwa adabu, ila usiwaamini sana. Ni kweli wachezaji walidai mishahara kwa dola za Marekani, na sisi tiketi tulikata kwa dola za Kanada, ambazo miaka ile ya tisini zilikuwa hoi bin taabani. Lakini Lorne Pidhirny, aliyeitangaza timu ile redioni tangu nywele zake zikiwa nyeusi, alijua sababu nyingine, na kuijua kulimzeesha.

Lorne alizaliwa shambani, nje kidogo ya mji, kwa wazazi wenye asili ya Ukraine waliolima ngano. Alfajiri akikamua ng'ombe aliwatangazia mechi za kubuni, mpaka baba yake akalalamika kwamba maziwa yanapungua kwa kuwa ng'ombe wanasikiliza. Kituo cha redio kilipomwajiri, alianza kwa kusoma bei za ngano na matangazo ya vifo. Halafu ikaundwa timu ya kulipwa, Mwewe wa Tarrow, naye akapewa maikrofoni. Hapo ndipo alipojipata.

Jamani, mtu yule alijua kutangaza! Hakuishia kukuambia nani kampa nani kile kisahani cha mpira mgumu kinachopigwa kwa magongo. Alikuambia jinsi kipa anavyomeza mate, jinsi vyuma vya viatu vinavyokwaruza barafu, na vitunguu vinavyokaangwa kule nyuma ya lango. Wewe uko jikoni kwako unakanda unga wa maandazi ya viazi, nje baridi ya kukausha kope, gari limechomekwa umeme injini isigande. Unatoka kwenda wapi, na uwanja wote umeletewa mezani?

Basi hawakutoka. Na hapo ikazuka ile desturi ya viti. Msimu mmoja Mwewe walishinda mfululizo, na watu wakaanza kukumbushana nani alikuwa amekaa wapi jikoni siku ya ushindi. Huyu karibu na jiko, yule dirishani. Ukihama kiti na Mwewe wakafungwa, mtaa mzima ulikununia. Kuna bwana mmoja alikatazwa na mkewe kwenda msalani mpaka mapumziko. Kwenda uwanjani kukageuka usaliti, maana kiti cha bahati utamwachia nani?

Lorne aliupenda mzaha huo, akauchochea. "Mama Olga, usinyanyuke hapo!" alinguruma hewani kipa alipozidiwa. "Leo tukifungwa najua ni wewe!" Mama Olga Hrycenko alikuwa mjane, shoga wa marehemu mama yake Lorne, na kesho yake alitembea dukani kifua mbele kama yeye ndiye aliyefunga. Mji mzima ulicheka. Lorne alirudi kwake akijua anapendwa, akalala usingizi mnono.

Mwenye timu, Gord Stelter, muuza matrekta, hakucheka. Asubuhi moja baada ya ushindi mkubwa alimwita Lorne kwenye kibanda cha kutangazia, juu kabisa ya uwanja.

"Ukiwa hapa juu, huwa unaangalia wapi?"

"Barafuni, bosi. Niangalie wapi tena?"

"Viti hujawahi kuviangalia?"

Lorne akageuza macho kwenye viti.

"Acha kutangaza mechi za nyumbani," Stelter akasema. "Za ugenini piga kelele utakavyo. Za hapa, anayetaka kujua matokeo aje akate tiketi."

"Na wazee je, Gord? Kwa baridi hii? Unawaonea."

"Wazee wako ndio wanaoniua. Kucheza bingo wanakwenda, kanisani wanakwenda, huku ndiko kuna baridi?"

"Niachie mimi. Nitawaambia waje. Mimi wananisikiliza."

Stelter alifunga vifungo vya koti lake, bila hasira. "Wanakusikiliza mno, ndugu yangu."

Lorne aliwaambia kweli. Kila mechi aliwasihi: viti vipo, njooni, timu inatutoka. Lakini aliwasihi kwa sauti ileile tamu, nao majikoni wakatikisa vichwa kwa huruma, wakaongeza sauti ya redio. Mama Olga alimpigia simu kumpongeza.

"Leo umenena, mwanangu. Nimelia mpaka unga umelowa."

"Sasa kama umelia, mama, mbona hukuja?"

"Nije, na tunaongoza ligi? Wewe una wazimu? Unataka tufungwe?"

Angeweza kuizima maikrofoni. Alikusudia zaidi ya mara moja, na kila mara alipofika kibandani mkono ulimsaliti. Aliogopa kwamba akinyamaza na bado wasije, hatabaki na uwanja wala majiko. Na tuseme ukweli: aliipenda timu, lakini kusikilizwa alikupenda zaidi. Mimi simlaumu. Ila timu haikuishi kwa kusikilizwa.

Mwewe wakauzwa kwa matajiri wa mji mmoja wa kusini mwa Marekani, ambako watoto theluji wanaiona kwenye kadi za Krismasi. Mechi ya mwisho ilichezwa Jumapili mchana, na mji wote ulikuja. Wote! Foleni ilizunguka jengo, watu wakakumbatiana na kulia, wengine wakiulizana mlango uko upande gani.

Kule juu, Lorne aliviangalia viti. Havikuonekana kwa wingi wa watu. Akafungua mdomo kuyasalimu majiko kama kawaida yake, kisha akakumbuka kwamba majikoni hakukuwa na mtu. Wote walikuwa pale chini. Akatangaza mechi nzima vilevile, kila pasi na kila bao, akiutangazia mji mtupu. Mwewe walifungwa, na wakati wa kutoka aliwasikia wengine wakinong'ona kwamba si ajabu, tumeacha viti vyetu.

Mama Olga alipanda ngazi taratibu, akihema, mpaka mlangoni pa kibanda.

"Kumbe uwanja wenyewe ndio huu!" akasema. "Mdogo hivi?"

"Ni uleule, mama."

"Ah, ule wako wa redioni ulikuwa mkubwa. Na vijana wako walikuwa na mbio kuliko hawa." Akamfunga skafu vizuri shingoni, kama alivyomfunga utotoni. "Sasa msimu mpya, mwezi wa kumi, unaanza kutangaza siku gani? Nataka ninunue betri za redio mapema."

"Hatuanzi, mama. Timu imeuzwa. Inaondoka."

"Hilo nimelisikia, mimi si kiziwi. Timu inaondoka. Wewe si unabaki?"

Lorne aliketi pale kwenye ngazi, mtu mzima mwenye mvi, akaangua kilio. Mama Olga alimpigapiga mgongoni, huku akisubiri aambiwe siku.