Siku Mama Alipofungiwa Ofisi ya Kata

Baba yangu alikuwa mwalimu wa siasa katika shule ya msingi niliyosoma, Igoma. Kila mwaka alianza na Katiba ya nchi, na maelezo yake hayakubadilika: imeandikwa ili mwananchi ajue wajibu wake. Tuliyakariri kwa sauti, darasa zima.

Vyama vingi vilipoingia na biashara ndogondogo zikazagaa kila kona, mama aliacha kulima. Akawa anakaanga mapanki Mkuyuni, yale mabaki ya sangara yanayobaki viwandani minofu ikishaondolewa. Asubuhi moja mgambo walikuja kuwafukuza kinamama kando ya barabara. Wenzake walikimbia. Yeye aling'ang'ania karai lake, wakamkamata na kumfungia kwenye chumba cha ofisi ya kata.

Nilifuatana na baba kwenda kumtoa. Mtendaji wa kata alikuwa kijana aliyewahi kusoma kwa baba. Alipotuona alisimama.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mke wangu amekosa nini?"

"Amekaidi amri."

"Amri hiyo imeandikwa wapi? Katiba hairuhusu mtu afungiwe hivi hivi, bila sheria."

Kijana alishangaa, wala hakuwa na kejeli. "Lakini mwalimu, wewe ndiye uliyetufundisha kwamba Katiba ni ya kumwonyesha mwananchi wajibu wake."

Nyuma ya mlango tulimsikia mama akikohoa.

"Nilikufundisha nusu," baba alisema. "Iliandikwa kwanza ili mwenye ufunguo ajue mpaka wake."

Kijana aliutazama ufunguo uliokuwa mezani, kisha akaenda kufungua. Mama alitoka akijifunga kanga upya. Karai halikuonekana; mgambo walikuwa wameondoka nalo, pamoja na samaki.

"Katiba yenu imenitoa mimi," mama alisema. "Karai je?"

Wiki iliyofuata baba alilianza somo upya, na safari hii alianza na yale ambayo serikali haina ruhusa kuyafanya. Mtihani bado ulitaka jibu la zamani, naye hakutuficha hilo. Siku ya mtihani tuliandika wajibu.

Mama alihamishia jiko Igoma, karibu na nyumbani. Mgambo walipopita aliwauliza, mbele ya wateja, amri yao imeandikwa wapi. Kuna siku walimwacha wakapita zao. Kuna siku walimpindulia jiko.