Pawa Niliyoificha Chumbani

Nakumbuka Jumatano moja, mwanangu, na nikiikumbuka hadi leo masikio yananiwaka. Nilikuwa nimeoa juzi tu, nina nyumba yangu hapa Ekerenyo na kichwa kimejaa kiburi. Tata, yaani baba yangu, alikuwa na pawa, msumeno wa injini, na kwa kazi yake alitulisha na kutusomesha. Hakuna aliyeigusa bila ruhusa yake.

Wiki hiyo upepo ulikuwa umelegeza mizizi ya mkaratusi mkubwa nyuma ya nyumba ya Magokoro, nyanya yangu, na mti ukainamia paa lake. Tata alikuwa na matanga kule Itumbe, akaahidi kuukata Ijumaa asubuhi akirudi. Tulimsihi Magokoro ahamie kwetu. Akatujibu, "Nimelala hapa tangu nilipoolewa. Mti ndio uhame!" Alikuwa kichwa ngumu huyo, Mungu amrehemu.

Basi mimi, badala ya kungoja, nikaichukua pawa nikampasulie rafiki yangu gogo lake, anisifu. Katikati ya kazi nikasikia injini inakwaruza tumboni. Mtu mwenye akili angezima. Lakini watu walikuwa wakinitazama, nikaongeza moto. Ikapiga kelele kama mbuzi anayekabwa, ikakwama. Nikavuta kamba, wapi! Beringi, ile pete ya chuma inayoshika mhimili wa injini, ilikuwa imevunjika.

Sasa sikia ujinga wangu. Kwetu Wakisii tuna chinsoni, heshima kati ya wazazi na watoto wao, na kwa heshima hiyo baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Nikajiambia, hapo ndipo pa kuificha! Nikaibeba hadi chumbani, nikafunga mlango, niitengeneze kwa siri kabla ya Ijumaa.

Mke wangu Kemunto akaniuliza, "Lakini wewe, unajua unachofanya?"

"Kuna nini cha kujua? Si ni skrubu tu?"

Tumbo la injini ile, mwanangu, ni vipande viwili vya alumini vilivyoshika shafti, yaani huo mhimili, katikati. Ukitoa skrubu zote bado haviachani, kwa sababu beringi zimevibana. Wanaojua huvipasha moto kwanza. Mimi nilichomeka bisibisi kwenye maungio nikagonga kwa nyundo. Viliachana, naam, lakini uso wa kipande kimoja ulichimbika, na hapo ndipo panapotakiwa pasipite hata hewa. Nilipouona ule mkwaruzo niliweka nyundo chini. Nje upepo ulikuwa unavuma tena, na Magokoro alikuwa ndani kwake anapika. Nililia, na sioni haya kukuambia.

Alhamisi asubuhi Tata akarudi kabla ya siku yake. Kemunto alikuwa amemnong'oneza Magokoro, na Magokoro hakuwa na breki mdomoni. Alishatuma mtu Itumbe. Njia ya mwongo ni fupi. Tata aliweka kiti uani, mbali na mlango wangu, akaketi.

"Ondieki, leta mashine."

"Mashine gani, Tata?"

"Hiyo uliyoificha nyuma ya chinsoni." Hakupaza sauti. "Mimi siingii kwako ili nyumba yako iheshimike. Sikuacha kuingia ili upate pango la kuwekea makosa. Ilete hapa penye mwanga. Mama yangu analala chini ya mti ule."

Nikaitoa vipande vipande ndani ya beseni, nikisubiri matusi. Tata alipitisha ukucha kwenye ule mkwaruzo, akasonya. "Umegonga kama mtu anayepasua kuni," akasema. "Haya, washa jiko."

Jamani, maneno hayo machache! Nilikimbilia makaa kama mtoto.

Tulikiweka kile kipande juu ya kikaango cha chapati mpaka tone la maji likidondoka juu yake linaruka. Tata akakigonga kidogo tu kwa kijiti, na beringi mbovu ikaanguka yenyewe. Akanipa tupa laini nisawazishe kingo zilizoinuka, na kila nilipoharakisha alikohoa. Tukaosha kila kitu kwa petroli, mbali na jiko. Na beringi mpya? Ilikuwa sandukuni kwake siku zote! Kuuliza si ujinga, mwanangu. Kutouliza ndiko kulikokaribia kuniangamiza. Tukapasha chuma tena, beringi mpya ikaingia bila kusukumwa, tukapaka gundi ya gasketi izibe ule mkwaruzo, tukafunga skrubu moja huku na moja upande wa pili, kidogo kidogo. Tata akaizungusha shafti kwa vidole. Ilizunguka laini.

Ijumaa asubuhi nilivuta kamba mara tatu, kimya. Mara ya nne ikanguruma! Majirani wakauvuta mti kwa kamba upande wa shamba, Tata akakata, ukaanguka mbali na paa. Magokoro akatoka mbio, akatazama, akasema, "Mmeniharibia migomba yangu!" Tulicheka mpaka Tata akaketi chini. Mimi niliketi nyasini nikapumua, pumzi niliyokuwa nimeibana tangu Jumatano.

Mwanangu, wahenga walisema mficha uchi hazai. Kuharibu utaharibu, hakuna fundi ambaye hajaharibu. Ukiharibu, litoe kosa lako nje upesi, kabla hujaliongezea lingine kwa kulificha. Usiigeuze heshima ya wazee kuwa ukuta wa kujibanza. Yule unayemkimbia kwa hofu huenda ndiye mwenye dawa, naye anangoja umwambie tu.

Nenda kwa amani. Mungu abariki kazi ya mikono yako, na siku utakapokosea akupe ulimi wa kusema mapema na mzazi wa kukwambia, "Haya, washa jiko."