Pingamizi Dhidi ya Bibi Maliyabwana

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya uchaguzi nilipewa mlango. Nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi Gungu, vyama vingi vikiwa bado vigeni masikioni mwa watu, na halmashauri ilichukua walimu kuendesha vituo vya kupigia kura. Niliapishwa kiapo cha kutunza siri, nikakabidhiwa cheo cha karani mwongozaji, maana yake yule anayesimama mlangoni na kuwaelekeza watu. Mkuu wa kituo, mwalimu mwenzangu aliyenizidi umri, aliniambia, "Wewe ndiye sura ya kwanza wanayoiona. Ukikunja uso, wengine watageuza."

Wazee wa Kiha walifika alfajiri, wakanisalimu "Mwakeye," nami nikawajibu na kuwaonyesha pa kupita. Jioni miguu ilikuwa imevimba, lakini niliipenda kazi ile.

Jimbo letu ni la mjini. Wenzetu wa kijiji cha Mwamgongo kando ya ziwa, ambao wako jimbo jingine, masanduku yao ya kura huenda kwa boti. Sisi tuliyapeleka kwa gari la halmashauri, na kituo kimoja hadi kingine unatembea. Ugumu wa mjini uko kwingine. Watu wanafahamiana mno. Wakala, yule mtu anayewekwa na chama kulinda kura zake kituoni, mara nyingi ni jirani wa hao hao anaowakodolea macho.

Baada ya Gungu nilipelekwa Mwanga, jirani na soko, nikiwa msimamizi msaidizi. Huko nilijifunza kuchovya kidole cha mpiga kura kwenye wino usiofutika bila kumchafua nguo, na kumpa kisogo aliyeingia kwenye kituturi, kile kijumba cha kupigia kura kwa siri. Hatimaye nikapewa kituo changu mwenyewe, darasa moja huko Ujiji.

Asubuhi ile mstari ulikuwa mrefu, wengi wao akina mama wauza samaki. Mbele alisimama Bibi Maliyabwana, muuza migebuka mikavu, aliyezaliwa Ujiji na wazazi waliovuka ziwa kutoka Kongo. Alinipa kadi yake. Karani akaliona jina lake kwenye daftari la wapiga kura. Nilikuwa nachana karatasi za kura wakala mmoja, Saidi, aliponyanyuka.

"Mwalimu, naweka pingamizi. Huyu mama ni Mkongo."

Bibi alirudisha mkono aliokuwa ameunyoosha kuzipokea, akauficha ndani ya kitenge. Nje walisikia. Nikamwona mama mmoja akitoka kwenye mstari, kisha mwingine, wakitazama chini kama watu waliosahau kitu nyumbani. Wazazi wao nao walikuwa wa ng'ambo.

Nilimpigia simu msimamizi wa kata, aliyekuwa juu yangu. Akaniambia, "Mwalimu, tusitafute fujo. Mwambie huyo bibi arudi mchana, hali ikitulia."

"Akiondoka hatarudi, bosi. Na wengine wameanza kuondoka."

"Basi hilo ni lako," akasema, akakata.

Nilijua utaratibu, lakini kuujua umekaa semina ni jambo moja, na kuusema mbele ya Saidi aliyekuwa na vijana wa chama chake pale getini ni jambo jingine.

"Saidi," nikasema, "daftari lilibandikwa kwenye ukuta wa shule hii ili kila mtu alikague. Mwenye shaka na uraia wa mtu alipaswa kusema wakati ule. Leo bibi ana kadi na jina lake limo. Nitaandika kwamba umepinga, na yeye atapiga kura."

"Nitakushtaki jimboni!"

"Ni haki yako, kaka yangu. Kaa kwanza."

Bibi Maliyabwana ndipo akamgeukia, bila kupandisha sauti. "Saidi mwanangu, kwenye arobaini ya baba yako nimekesha jikoni kwenu. Siku ile miye sikuwa Mkongo?"

Saidi alikaa. Bibi aliingia kwenye kituturi, akakaa humo muda mrefu, nami nikampa kisogo kama ilivyotakiwa. Alipotoka alitumbukiza karatasi zake na kupita mlangoni ameinua kidole chenye wino ili walioko nje wakione. Wale akina mama waliokuwa wamefika barabarani wakarudi mmoja mmoja, na watu wakawarudishia nafasi zao.

Mchana alifika msimamizi wa uchaguzi wa jimbo, mtu mkavu asiyecheka. Malalamiko yalikuwa yameshamfikia. "Kwa nini hukusubiri maelekezo?"

"Mstari ulikuwa unakatika, mheshimiwa."

Alisoma nilichoandika, akanirudishia. "Kituo ni chako mpaka sanduku lifungwe. Nikianza kukuamulia wewe, itabidi nikalie vituo vyote." Akaondoka. Sikupata sifa nyingine, wala sikuihitaji.

Tulipomaliza kuhesabu, Saidi alitia saini matokeo. Kisha akabaki anazungukazunguka mezani.

"Mwalimu, lile pingamizi langu haliwezi kufutwa?"

"Halifutiki. Lakini nyumbani kwa bibi unapajua."

Baadaye nilisikia sokoni kwamba alikwenda. Walichoongea sijui. Bibi mwenyewe nilipomuuliza alinifungia migebuka kwenye gazeti na kusema tu, "Ni mtoto wetu."

Sasa nimestaafu, uchaguzi nausikiliza redioni na kwenda kupiga kura yangu kama mtu yeyote. Walimu vijana hunijia kabla ya semina wakitaka niwafundishe sheria. Sheria watasomeshwa. Mimi huwaambia wasiwe wanatazama meza tu. Wainue macho waone nani anatoka kwenye mstari kimyakimya, maana huyo hatapiga kelele wala hataandika malalamiko. Atakwenda zake nyumbani kupika, na jimbo litapata mbunge bila yeye.