Kilo za Raundi ya Nne

Ilianza Ijumaa, saa nane na dakika ishirini mchana, wakati gari jeupe la chuo lilipokata kona ya kwetu na mimi nikakimbilia jikoni. Saa naikumbuka kwa sababu tangu asubuhi nilikuwa naitazama ile ya ukutani kila nikipita, na nilipita sana. Nilikuwa nimefagia ua mara mbili. Viti vya plastiki tulivyoazima kanisani nilivitoa kivulini nikavipeleka juani, halafu nikavirudisha kivulini.

"Kwani umekanyaga siafu?" Mama aliniuliza.

"Hapana. Nimechoka tu."

Sikuwa nimechoka. Niliogopa, na sababu ya kuogopa nilikuwa nimeificha wiki tatu.

Shamba letu ni dogo. Majani chai yanaanza nyuma ya choo na kuteremka hadi kijitoni, na ukitazama ng'ambo unaona msitu. Sisi si watu wa bahari. Lakini mwanzo wa mwaka alikuja mwanafunzi wa chuo kikuu kimoja cha huko pwani, msichana wa miaka kama ishirini na tano, nami nikawa namwita dada. Alikusanya akina mama kituoni tunapouzia majani, akawaeleza kwamba chuo chao kinatafuta jinsi watu wa pwani wataishi kwa bahari bila kuimaliza. Samaki wamepungua, akasema, kwa hivyo wanawake wa kule wanapanda mwani kwenye kamba, ndani ya maji ya chumvi, kama sisi tunavyopanda maharagwe. Chuo kinaukamua huo mwani na kupata mbolea ya maji. Sasa walitaka kujua kama majani chai yataipenda, maana yakiipenda, wale wanawake watapata soko.

"Chai itanuka samaki!" akasema jirani yetu, yule mama mnene ambaye hakuna mkutano unaokwisha bila yeye kusema kitu. Watu wakacheka. Mama peke yake akainua mkono kukubali.

Ndipo mistari kumi ya shamba letu ikafungwa utepe wa bluu, na kumi mingine utepe mwekundu. Ya bluu ilipigwa dawa ya mwani. Ya nyekundu haikupewa kitu, ili tuone tofauti. Dawa yenyewe ilinuka kama dagaa wa omena waliosahaulika kwenye mfuko, na ng'ombe wetu alipogundua iko na chumvi, alilamba bomba la kupulizia mpaka tukalifungia chumbani kwangu. Kazi yangu ilikuwa daftari. Kila raundi ya kuchuma, nipime majani ya bluu peke yake na ya nyekundu peke yake, niandike. Dada alinichagua mimi kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri na siongei ovyo. Mama alimwambia, "Huyu hata ovyo haongei. Haongei kabisa."

Raundi tatu za kwanza nilipima vizuri. Nilichuma na Mama, tukiwa wawili tu, kikapu chake na changu. Raundi ya nne ndiyo ilinimaliza.

Siku hiyo wingu lilikuja mapema, jeusi, lile la kuleta mvua ya mawe. Mawe yakipiga majani ambayo hayajachumwa, umepoteza wiki nzima. Kwa hivyo kikundi cha Mama, wanawake saba wanaochumiana kwa zamu, walikuja mbio hata bila kuitwa. Wakaingia shambani kila mmoja kwa upande wake, wakipiga hadithi. Nilipaswa kuwaambia jambo moja: wa huku watie majani kwenye gunia hili, wa kule kwenye lile. Nilisimama na daftari kifuani. Nikasema. Nadhani nilisema. Nilisema nikitazama gambuti zangu.

Yule jirani mnene akageuka. "Huyu mtoto anaongea na majani?"

Wote wakacheka, hata Mama. Uso ukanichoma. Kuwaamuru akina mama walionibeba mgongoni, mimi wa fomu tatu, ilinishinda. Nikafunga mdomo. Tulipomaliza, majani yote yalikuwa lundo moja kwenye turubai, bluu na nyekundu pamoja, na matone ya kwanza yakaanza kupiga mabati.

Nilipima lundo lote. Kisha nikaketi stoo nikaligawa kwa kalamu. Bluu ilikuwa imezidi kidogo raundi zile nyingine, kwa hivyo nikaizidisha. Na ili isionekane nimegawa tu, nikaongeza tena. Nikapiga picha ukurasa na simu ya Mama, nikatuma.

Dada alijibu kabla sijaiweka simu chini. "Aki umeniheshimisha! Raundi ya nne ni kali." Akasema atamwandikia mwalimu wangu niende kuona maabara yao. Nilisoma huo ujumbe mara nyingi. Nitasema ukweli: nilifurahi. Halafu nikaanza kushindwa kukaa. Darasani nilikuwa natingisha mguu hadi dawati la mbele likalalamika, maana yake msichana aliyeketi pale.

Basi Ijumaa hiyo tulikuwa likizo fupi ya katikati ya muhula, na dada alikuja na mgeni. Nilichungulia dirisha la jikoni. Mgeni alikuwa mama wa pwani, mwembamba, amejifunga leso mbili na juu yake amevaa koti aliloazimwa na dereva wa chuo. Alikuwa mmoja wa wale wanaopanda mwani. Alitaka kuona kwa macho yake mahali mwani wao unakokwenda.

"Mpeleke mgeni shambani," Mama akaniambia. "Na ufungue mdomo."

Tuliteremka, kikapu changu mgongoni. Mdomo sikuufungua.

"Wewe ndiye mwenye daftari?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Husemi?"

"Nasema."

"Haya, sema kitu nikusikie."

Nikafikiri. "Kuna baridi."

"Hilo nalijua, mwanangu. Meno yangu yamekwisha kuniambia."

Nikacheka bila kupenda. Akaweka kiganja juu ya majani, akakipitisha pale yalipokatwa sawasawa. "Na hii nani kainyoa?" Nikamwonyesha tunavyochuma, majani mawili na chipukizi lake, mengine unaacha. Akajaribu. Vidole vyake vilikuwa na makovu meupe kwenye viungo, mistari mistari. Aliniona nikitazama.

"Kamba," akasema. "Maji ya chumvi na kamba."

Kisha, akiendelea kuchuma vibaya, akanisimulia. Zamani kidogo walikuja watu wengine, si hawa wa chuo. Waliwaambia akina mama pandeni mwani, soko lipo. Wakapanda. Wakavuna, wakakausha, magunia yakajaa nyumba. Wale watu hawakurudi. "Wanangu walilala juu ya magunia miezi mitatu. Mpaka leo wakubwa wale ukiwatajia mwani wananuna." Akatupa chipukizi kwenye kikapu changu. "Ndiyo maana sisi sasa hatuongezi kamba kwa maneno. Lakini huyu dada yako alituonyesha ile raundi ya nne. Nimekuja nayo kichwani safari nzima. Nikirudi Jumatatu nawaambia wenzangu: fungeni kamba mpya. Zidisheni mara mbili."

Nilianza kung'oa magugu chini ya mistari, magugu ambayo hayakuwa na shida yoyote. Mikono ilitaka kazi. Akaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana, tena haraka, na nikamwambia turudi, chai itapoa, ingawa chai ilikuwa bado haijatengenezwa.

Jikoni Mama alikuwa anamimina maziwa. Nilimwambia yote kwa sauti ya chini, kwa lugha yetu. Alisimama na jagi mkononi.

"Leo?" akasema. "Unaniambia leo, watu wako kwa ua?"

"Nifanye nini?"

"Peleka vikombe."

Ndilo jibu nililopata. Nikapeleka vikombe.

Kikundi chote kilikuwa kimefika. Dada alibandika karatasi kubwa ukutani mwa nyumba. Alikuwa amechora nguzo za rangi mbili, bluu na nyekundu, jozi moja kwa kila raundi. Raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya tano: nguzo zilikuwa karibu kulingana. Ya nne ilikuwa na nguzo ya bluu iliyosimama juu ya zote kama mlingoti wa simu. Niliona aibu kuitazama. Dada akaeleza, akina mama wakaitikia kwa vichwa, mgeni akasogeza kiti mbele. Kisha dada akanigeukia akitabasamu. "Mwenye kazi yenyewe aje atuambie hapa alifanya nini."

Nikasimama.

"Raundi ya nne sikuipima," nikasema.

"Ongea!" jirani mnene akapaza sauti. "Bado unaongea na majani?"

"Raundi ya nne sikuipima!" Ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, kuku wakashtuka. "Majani yalichanganyika yote. Nikagawa kwa kichwa. Hiyo nguzo niliitunga."

Kwanza jirani akashika kiuno. "Kumbe ni sisi tulichanganya? Si ungetuambia!"

"Niliwaambia."

"Uliambia nani?"

"Nyinyi."

"Saa ngapi?" Akawageukia wenzake. "Nani alisikia?" Mmoja akaanza kucheka, akaacha alipoona hakuna wa kumsaidia.

Dada hakucheka. Alichukua kalamu nene akaipiga ile nguzo msalaba, kisha akabaki ameishika kalamu bila kifuniko. "Nilishaituma kwa mwalimu wangu chuoni," akasema polepole. "Ameiweka kwenye ripoti. Unajua ningeweza kufukuzwa?" Sikujua. Nikamwambia pole. Akasema pole haitoshi, na ilikuwa kweli, haikutosha. Habari ya maabara hakuitaja tena, nami sikuuliza.

Mgeni ndiye aliyeniuliza swali. "Na zile nyingine nne?"

"Za kweli. Nilizipima mwenyewe."

"Zinasemaje?"

"Bluu imezidi. Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa vidole, nafasi ya kupita kijiko. Akaitazama hiyo nafasi kwa muda. Nilitamani kuipanua.

"Basi hicho kidogo ndicho nitakachowapelekea," akasema. "Kamba mpya zingoje." Akalikaza mwilini koti la dereva. Hakunishukuru, wala hakunigombeza. Alikunywa chai yake yote na kumwomba Mama nyingine, halafu akaniuliza kama maziwa ni ya yule ng'ombe aliyelamba bomba. Mtu alikuwa amemwambia. Nikasema ndiyo.

Kabla ya kuingia garini dada alisema kwamba tukitaka kuendelea, raundi ya sita ipimwe vizuri, na baada yake nyingine mbili, lakini si kwa daftari tu. Nitapiga picha kila gunia likiwa juu ya mzani. "Kama mama anakubali," akasema.

"Usiniulize mimi," Mama akajibu. "Muulize huyo."

Nikasema ndiyo. Gari likaondoka. Mama hakuniongelesha jioni hiyo isipokuwa kuniambia nirudishe viti kanisani, na nilivibeba viwili viwili, safari nne, ingawa ningeweza kuazima mkokoteni wa jirani.

Jumamosi ilikuwa siku ya raundi ya sita, na zamu ya kikundi kuchuma kwetu. Niliamka kabla ya Mama. Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nimesimama kwenye kijia cha kuingilia shambani, hapo pembamba ambapo lazima wapite mmoja mmoja. Umande ulikuwa umelowesha sketi yangu hadi magotini. Nilijaribu kusema maneno peke yangu, nikaona upuuzi, nikaacha.

Wa kwanza alikuwa yule jirani mnene, kikapu mgongoni. Nikanyoosha mkono mbele yake.

"Simama kwanza, mama. Wewe uko nyekundu. Gunia lako ni lile la kushoto."

Akanitazama kutoka gambuti hadi kichwani. "Hata salamu ya chamgei hujanipa."

"Chamgei, mama."

"Chamgei mising." Akapandisha mkanda wa kikapu. "Sema tena, wapi?"

"Nyekundu. Gunia la kushoto."

Akapita. Nyuma yake walikuwa wanakuja watatu pamoja, wakicheka jambo lao, na wa katikati alikuwa tayari anakata kuelekea upande wa bluu kabla sijamwambia gunia lake. Nikamwita.